Masika ya Kuomba Moto

Jumatatu, 1 Machi 2004

Mvua ya kwanza imepiga bati alfajiri na usingizi umeondoka nayo. Tangu nistaafu Desemba siwezi kukaa kitini hata kumaliza kikombe cha chai. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa matroni wa bweni la wasichana, na mwili bado unasubiri kengele. Mwanangu Theodori ananiambia nihamie kwake Dodoma nikapumzike. Mtu akizidisha kupumzika huzikwa.

Naanza kuandika katika daftari la ukaguzi wa vitanda. Nimeligeuza, nyuma imekuwa mbele.

Sababu ni ya jana. Rashidi, mtoto wa Bibi Sijaona, alikuja kutoka Arusha. Bibi ni jirani yangu hapa Bagara, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ana miaka themanini na kitu, na anaishi peke yake tangu mumewe afariki. Sasa Babati ni makao ya mkoa mpya, maofisa wanatafuta nyumba za kupanga kila kona, na nyumba ya bibi ina vyumba vinne na sakafu ya saruji. Rashidi anataka amhamishie mama yake Arusha, nyumba aipangishe. Si mtoto mbaya. Anaogopa mama atafia ndani peke yake, na watu wamuulize, wewe ulikuwa wapi?

Bibi akasema, "Hapa niliingia bibi harusi, nitatoka nimebebwa."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," Rashidi akajibu.

Nikaingilia, mdomo wangu huu. Nikasema mbele yao kwamba haitapita siku hata moja bila jirani kuingia nyumba hii asubuhi na kumwona bibi kwa macho yake. Rashidi akanitazama.

"Sawa, Mama Theodori. Ila siku moja tu ikipita, mimi nakuja na gari."

Tukapeana mikono.

Alhamisi, 4 Machi

Kikao sebuleni kwangu. Nyumba saba zimekubali, siku saba za wiki. Mimi Jumatatu. Mosi fundi baiskeli Jumanne. Hanifa mwenye duka Jumatano. Domitila, yaani Mama Jovita wa pale bondeni, Alhamisi. Nyingine tatu zimegawana mwisho wa wiki. Wa kutembelewa tumemwongeza pia Mzee Gidamis, yule Mang'ati mjane wa mwisho wa njia, ambaye ng'ombe wake waliisha na ukame akabaki na mbuzi mmoja.

Nimepiga mistari kwa rula. Tarehe, jina, saa, alichopeleka. Juu ya ukurasa nimeandika kwa wino mwekundu: MKONO MTUPU HAULAMBWI. Nikawasomea kwa sauti, wote wakaitikia vizuri kama wasichana wangu wa bweni. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatatu, 8 Machi

Zamu yangu. Nimempelekea bibi sukari nusu na kipande cha sabuni. Alipokea kwa mikono miwili akasema ahsante mara tano. Nikafagia uwanja. Akanitazama nikifagia.

Kwa Mzee Gidamis nimekuta mlango wazi na mwenyewe hayupo. Nimeacha sukari juu ya kigoda.

Jumatatu, 15 Machi

Gidamis hayupo tena. Mbuzi yupo. Kigoda bado kina joto.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua. Tiki zote zipo. Gidamis nimemwona kwa macho yangu akipenya kwenye mahindi niliposema hodi. Mzee wa miaka sabini na tano anakimbia matroni.

Jumatano, 31 Machi

Mvua siku kumi mfululizo. Ziwa limepanda, wa Nakwa wanasema viboko wamefika hadi kwenye bustani za mchicha. Barabara ya Arusha imeliwa na tope, mabasi yanalala njiani. Mahindi yako magotini, maharage ndiyo kwanza maua, na ghalani kwa watu hakuna la kusema.

Nimekagua daftari. Safu ya "alichopeleka" inasoma hivi, kuanzia juu: mchele, maziwa, unga, ndizi, perege wawili, viazi, viazi, vitunguu vitatu, chumvi. Na saa zinasogea. Mwanzoni saa moja asubuhi, sasa saa nne, saa sita. Uvivu umeanza. Naujua uvivu, nimeishi nao bwenini miaka thelathini na mmoja.

Jumatano, 7 Aprili

Nimempitia Hanifa dukani kumkumbusha zamu. Nimempitia Mosi. Nimempitia Domitila, akasema, "Nitaenda tu, Mama Theodori, ngoja kwanza nijipange." Ajipange nini? Kutoka kwake hadi kwa bibi ni hatua mia mbili.

Siwezi kutulia. Kila nikikaa naona gari la Rashidi mlangoni.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Mvua.

Alhamisi, 15 Aprili

Naandika na hasira yangu, sitaki kusubiri itulie.

Ilikuwa zamu ya Domitila. Saa nane mchana mvua ikapumua kidogo, nikaenda kukagua. Nikapiga hodi, kimya. Mlango wa mbele umerudishwa tu. Kitandani hayupo, mkeka wa swala umetandikwa. Nikatoka nyuma ya jiko na pale nikamkuta, ubavu kwenye tope, kanga imelowa hadi rangi imechuja, mkono mmoja umeshika mche wa mbaazi. Alikuwa akielekea chooni baada ya swala ya alfajiri, akateleza. Alfajiri! Alilala pale tangu giza hadi saa nane, mvua ikimnyeshea, na nyumba saba zimemzunguka.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Usimwambie Rashidi."

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika ziwani. Mosi akaja na mkokoteni, tukamlaza juu ya godoro, Hanifa akashika mwavuli, tukamsukuma hospitali matope yakitufika kwenye vigimbi. Tukamshukuru Mungu, hakuna mfupa uliovunjika. Kifundo cha mguu kimeteguka na baridi imemwingia. Wamemfunga bandeji, wamempa dawa, wakaturuhusu turudi naye.

Tulipofika nyumbani jua limeelekea kuzama, nani namwona mlangoni? Domitila, amesimama, na yai moja kwenye pindo la kanga.

Sikumpa nafasi ya kusema shikamoo. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Sasa hivi ndiyo unakuja? Mtu amelala topeni tangu alfajiri, wewe unakuja na yai? Yai la nini, tumpake?"

Domitila akaliweka yai kwenye kizingiti taratibu, akaondoka. Watu wakatazama chini. Nikaona wananiunga mkono.

Hanifa amempigia Rashidi kwa simu yake ya mkononi. Nilimsihi asubiri hata kesho, akasema, "Uliahidi, Mama Theodori. Na mimi siwezi kumficha mtu habari ya mama yake." Rashidi hakufoka. Amesema barabara ikipitika anakuja na Fuso, achukue mama na vyombo vyote kwa mara moja.

Nimeshindwa ndani ya wiki sita. Usiku huu nalala kwa bibi, chini, kwenye mkeka wake.

Jumapili, 18 Aprili

Leo nimekwenda kwa Domitila kumwambia nimemfuta kwenye daftari. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Nikamkuta anachambua mboga ya maboga, na ndani ya sufuria hakuna kingine. Watoto watatu wamekaa mstarini wanatazama sufuria. Jovita, mkubwa, akaniamkia na kunipa kiti, kile kimoja walicho nacho.

"Najua kilichokuleta," Domitila akasema. "Nifute tu."

"Ulikuwa wapi Alhamisi?"

"Hapa. Nasubiri kuku atage."

Nilidhani ananifanyia mzaha.

"Saa moja asubuhi nilifika hadi kwenye wigo wa bibi," akasema. "Nikasimama. Mkono sina kitu. Wiki iliyopita nilimpelekea chumvi na niliona aibu. Nikasema nitarudi, kuku wangu amekaa kiotani, akitaga naenda na yai. Nikarudi hapa nikakaa nimtazame. Saa tano, bado. Nikarudi tena kwenye wigo, nikapita njia ya chini bibi asinione. Kuku ametaga saa nane, nikafika nikakuta mmeshaenda hospitali." Akafuta mikono kwenye kanga. "Ningeingiaje mkono mtupu, Mama Theodori? Wewe uliingia na sukari. Na ukatuandikia."

Nilikaa kwenye kile kiti kimoja na maneno yangu niliyoyapanga, na aibu ikanipanda toka miguuni. Mwanamke huyu alifika kwenye wigo mara mbili. Mara mbili, bibi akiwa nyuma ya jiko, na kilichomzuia ni wino wangu mwekundu.

Nimemwomba msamaha. Akasema yameisha. Hayajaisha, lakini amesema.

Jumanne, 20 Aprili

Kikao. Nimechana ukurasa mbele yao. Nimetangaza kuanzia leo ni marufuku kumpelekea bibi kitu chochote. Njoo na macho yako tu.

Wakaitikia vizuri, kama siku ile ya kwanza.

Jumamosi, 24 Aprili

Hakuna anayekwenda. Yaani wanakwenda, wanachungulia mlangoni, wanauliza, "Umeamkaje?" na kukimbia kama wamekanyaga kaa la moto. Mila haichanwi na matroni. Ukimkataza mtu kuleta kitu, aibu inabaki palepale.

Na bibi amenuna. Leo amenigeukia ukutani. "Zamani walikuja na sukari nikajiona ombaomba. Sasa wanakuja kunitazama kama nimo jenezani. Mwache Rashidi aje."

Jumatatu, 26 Aprili

Nimemvizia Gidamis. Nilipita nyuma, kwenye mahindi yake, nikamkuta amechuchumaa na fimbo yake ananisubiri niondoke mbele.

"Shikamoo mzee. Kwa nini unanikimbia?"

"Marahaba." Akatazama mbuzi. "Wewe nakuja na sukari. Unakaa. Mimi nakupa nini? Kwetu mgeni nakunywa maziwa. Mimi maziwa hapana. Basi mimi natoka, mgeni hakuna."

Nimerudi nyumbani nimezunguka chumba hadi magoti yameuma. Nimejiuliza jambo ninalolikwepa tangu Desemba. Siku miguu yangu ikikataa, nani atavuka mlango wangu, na mimi nitaweza kumtazama usoni? Naogopa. Nimeliandika, basi.

Jumanne, 27 Aprili

Jambo dogo, lakini siachi kulifikiria.

Mvua ilinyesha usiku kucha na kuvujia meza yangu ya jikoni. Kiberiti kimelowa chote. Mkaa umelowa. Nimekwangua njiti moja moja hadi ya mwisho, sijapata hata cheche, na mimi bila chai asubuhi si mtu wa kusogelewa. Duka la Hanifa lilikuwa bado halijafunguliwa. Nikaokota kigae cha chungu, nikaenda kwa bibi, nikasema hodi na kuingia moja kwa moja jikoni bila kufikiri.

"Bibi, shikamoo, naomba moto."

Alikuwa ameketi kando ya mafiga, mguu wa bandeji umenyooshwa. Darini kwake kuna shehena ya miti ya mbaazi iliyokauka tangu mavuno ya mwaka jana, na gogo la mgunga analolifukia kwenye majivu kila jioni. Moto wake haujazimika tangu masika yaanze. Akanitazama, akatazama kigae, uso wote ukafunguka.

"Matroni mzima huna moto?"

"Kiberiti kimelowa, bibi."

"Kinalowaje? Unakiweka wapi, mtoni?" Akaanza kucheka. Sijamsikia akicheka tangu mumewe afariki. "Wanafunzi wako walikuwa wanakula nini, ubichi?" Akanichagulia kaa moja kubwa kwa koleo, akaona halitoshi, akaongeza la pili. Akanionyesha jinsi ya kulifunika majivu lisizimike njiani. Akaniambia nikae kidogo nipate joto. Nilikaa saa nzima. Nilimwona bibi mzima, kuanzia kucha hadi kilemba, na sikuwa nimemkagua.

Jumatano, 28 Aprili

Nimemwambia Domitila peke yake. Nimemwambia, kesho usiwashe moto. Kaombe.

Alhamisi, 29 Aprili

Domitila ameingia kwa bibi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkononi hana kitu ila kigae. Nilikuwa dirishani kwangu, sijakaa tangu saa kumi. Ametoka na moshi unamfuata na anatabasamu. Bibi amemkaripia kwa kuchelewa.

Jumatano, 5 Mei

Mvua bado. Tunapokezana kuzimiwa. Mosi kazimiwa, Hanifa kazimiwa. Mwenye kuchukua kaa anaacha ukuni mmoja, si zawadi, ni adabu ya moto. Bibi anatukana jinsi tunavyowasha, anamwita Mosi "fundi wa baiskeli asiyejua kupuliza". Watu wanakaa. Zamu zimevurugika kabisa, siku nyingine wanafika wanne. Nimeacha kuandika tiki kwa sababu sijui nimtikie nani.

Jumapili, 9 Mei

Mzee Gidamis amekuja kwa bibi kuomba moto wa kiko. Ameketi hadi mchana. Wanabishana kama mwaka wa njaa ile kubwa ulikuwa kabla au baada ya nzige.

Jumatano, 19 Mei

Mvua ya rasharasha. Basi la kwanza limefika bila kusukumwa. Hanifa kanitazama, nami nimemtazama. Barabara inapitika.

Jumamosi, 22 Mei

Fuso liko mlangoni kwa bibi. Limefika saa kumi na moja alfajiri. Rashidi amekaa sebuleni, na watu wakaanza kuingia. Mosi na kigae. Hanifa na kigae. Gidamis na kiko. Wote wanaomba. Saa tatu Rashidi akanijia mlangoni, sauti iko chini kabisa, na hiyo ndiyo mbaya.

"Mama Theodori, shikamoo. Nilimwacha mama yangu kwenu mumsaidie. Mguu umefungwa bandeji, na nyinyi mnamfanya mtumishi? Asubuhi yote hakuna aliyemletea hata kikombe cha uji. Wanakuja kuchukua!"

Nikaanza kueleza. Kuku, yai, wino mwekundu, kiberiti. Niliona mwenyewe jinsi yanavyosikika.

"Nionyeshe daftari," akasema.

Nikalileta. Hakuna tiki hata moja tangu Aprili. Ukurasa umechanwa. Matroni wa miaka thelathini na mmoja, nilisimama mbele ya kijana niliyemwona akitambaa, sina ushahidi wowote.

"Kesho asubuhi tunapakia," akasema.

Bibi akamwambia, "Ukinichukua, hawa watapikia nini?" Rashidi akamjibu kwamba kiberiti kinauzwa kila duka. Hanifa alikuwepo, akatazama dari.

Nimekasirika na sijui na nani. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili, 23 Mei

Niandike kama nilivyosimuliwa na Rashidi mwenyewe, maana mimi nilifika mwishoni.

Aliamka alfajiri, akakaa sebuleni kumsubiri mama yake atoke chumbani. Kukapambazuka. Akasema moyoni, amechoka, mwache alale. Saa kumi na mbili na nusu Domitila akapiga hodi na kigae chake. Jikoni hakuna mtu. Hakumwuliza Rashidi chochote. Alimpita kama kiti, akaweka kigae chini, akasukuma mlango wa chumbani, akaingia.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Alikuwa amejaribu kushuka, mguu mbovu ukamkatalia, akashindwa kujiinua. Hakuita kwa sababu hakutaka Rashidi amwone hivyo asubuhi ya kupakia. Alikuwa anasubiri watu wa moto.

Nilipofika Domitila ameshamwinua na anamkanda mguu, na Rashidi amesimama kwenye kizingiti cha chumba, mikono imening'inia.

"Nilikuwa hapo nje," akaniambia. "Mimi mwanawe. Ningekaa hadi saa tatu."

Zipo nyakati ambazo hata mdomo wangu unafungwa.

Akaenda jikoni, akafukua gogo la mgunga, akapuliza hadi macho yakatoa machozi, akamchotea Domitila makaa kwenye kigae. Saa nne Fuso likaondoka. Nyuma lilikuwa tupu, ila turubai. Bibi alisimama kwenye kizingiti kwa mkongojo aliochongewa na Gidamis, akapunga hadi likapinda kona.

Jumapili, 30 Mei

Jua. Tope linapasuka njiani. Maharage tumeanza kuchuma.

Jumatano, 2 Juni

Jua kali. Usiku nimegeuka kitandani kama chapati. Kuni zimekauka kwa kila mtu, viberiti vimekauka. Mvua ndiyo iliyokuwa sababu. Sasa wataingia kwa bibi kwa kisingizio gani?

Jumatatu, 7 Juni

Zamu yangu, kama zamu bado zipo.

Nimeamka saa kumi na mbili kasoro. Mbingu safi, hakuna wingu hata la kufutia kalamu. Nimechukua kiberiti, nimekwangua njiti moja, ikawaka papo hapo, mara ya kwanza tangu Aprili. Nikaitazama inavyowaka. Mkaa mkavu uko tayari, sufuria iko tayari, chai ingekuwa mezani kwa dakika kumi. Nikaipuliza ikazimika. Nikachukua kigae.

Nilidhani nitakuwa peke yangu. Jikoni kwa bibi nimewakuta Domitila, Mosi, na Gidamis na kiko chake, na nyuma yangu akaingia Hanifa, ambaye dukani kwake kuna katoni mbili za viberiti, nimeziona. Ameshika kigae kwa mikono miwili.

Bibi akatutazama mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeshapenya mlangoni, limemfikia miguuni, vumbi linaonekana likielea ndani yake.

"Na wewe Hanifa?"

"Vimelowa, bibi," Hanifa akasema.

Bibi akachukua koleo, akaanza kuchagua makaa, makubwa makubwa.

"Poleni na mvua," akasema.